Wacuka Ana Miaka Mingapi

Siku kamati ya akina mama wa kanisa ilipoamua kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu hana haja ya kuona treni, Cucu Magdalene, yaani Nyanya Magdalene, alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwa mwenyekiti, na chai ikampoa mkononi.

Mwenyekiti alikuwa Mama Kiama. Huyu mama alikuwa amehama Thika zamani, akajenga nyumba ya ghorofa mtaa wa Kahawa Sukari, lakini uenyekiti hakuuhamisha. Kila Jumapili aliendesha gari lake hadi Landless, mtaa wa Thika, kuwaongoza wanawake ambao, kwa maoni yake, bila yeye wasingejua hata kuchemsha maji ya ugali. Siku hiyo alishika simu mbali na uso, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, akawasomea mambo aliyoyapata kwenye mtandao.

“Nimefanya research,” alisema. “Best age ya kupeleka mtoto theme park ni kuanzia miaka tatu. Chini ya hapo hakumbuki kitu. Analia, analala, anakojoa. Ni kama umepeleka kuku.”

Akina mama walicheka, kwa kuwa ilikuwa desturi kucheka mwenyekiti akitania.

“Na wale hawajafika tatu?” Cucu Magdalene aliuliza.

“Wabaki na cucu zao.”

“Cucu zao ndio sisi, Mama Kiama. Na sisi tuko kwa safari.”

“Basi watabaki na Mungu.”

Safari yenyewe ilikuwa ya Jumamosi, kwenda Kifaru Fun World kule Ruiru. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kanisa mwezi mzima, na katikati ya tangazo palikuwa na treni nyekundu yenye macho na tabasamu. Wacuka, mjukuu wa Cucu Magdalene, aliisalimia treni hiyo kila Jumapili akiingia ibadani na kuiaga akitoka. Alikuwa ameahidiwa kuipanda. Ahadi kwa mtoto ni deni baya kuliko la benki, maana mdai unalala naye.

Cucu Magdalene akasimama. Mwanamke huyu alijulikana kanisa zima kwa kuwatoa nje watoto waliolia wakati wa mahubiri, lakini siku hiyo aligeuka mtetezi wao mkuu.

“Bwana Yesu alisema, waacheni watoto wadogo waje kwangu. Hakusema kuanzia miaka tatu.”

“Bwana Yesu hakuwa amekodi basi,” Mama Kiama akajibu.

Wakavutana hadi thermos zikaisha. Mwishowe kamati ikalegeza: aliyefikisha miaka miwili na nusu ataruhusiwa, ila atakaa kwenye mipira na mchanga. Treni ilikuwa na sheria yake kule Ruiru, na sheria hiyo ilikuwa miaka mitatu. Cucu Magdalene alikaa chini kama mtu aliyeshinda. Chai aliyokuja kuikumbuka ilikuwa imeota utando juu.

*

Gichuru, mwana wa Cucu na baba wa Wacuka, alikaa na mkewe Rachael kwenye ploti moja ya Landless, na Cucu alipanga chumba cha jirani, karibu vya kutosha kusikia sufuria ikifunuliwa. Chumba cha mbele cha Gichuru kilikuwa saluni ya Rachael mchana na sebule jioni. Cucu alipoingia na habari zake, Rachael alikuwa akifagia nywele za wateja, Gichuru anakula githeri, na Wacuka amepanda stuli iliyolala ubavu, akiiendesha kwa kelele.

“Nimempigania,” Cucu alitangaza. “Wa miaka mbili na nusu wanaenda. Lakini treni hapana. Treni ni tatu.”

“Lakini yeye ako tatu,” Rachael alisema.

“Kwa nani?”

“Kwa nani aje, Cucu? Kwa mimi. Si ni mimi nilimzaa?”

“Kwa kanisa ako mbili na miezi tisa.”

“Alizaliwa Aprili. Wewe mwenyewe ndio ulinishika miguu.”

“Hiyo ilikuwa Gatanga,” Cucu akasema. “Huku ni Thika.”

Mambo yenyewe hayakuwa mageni duniani. Gichuru na Rachael walifunga ndoa kanisani mwezi wa Desemba, gauni likiwa pana kupita mtindo wa mwaka ule, na mtoto akazaliwa Aprili iliyofuata. Kwa familia nyingine ingekuwa furaha tu. Lakini Januari, kati ya arusi na uzazi, Cucu Magdalene aliongoza kikao kilichomtoa Mbula, binti wa mzee Kaleli, kwenye kwaya kwa sababu ya tumbo lisilo na arusi. Alisema maneno makali siku hiyo, na maneno makali yana tabia ya kurudi nyumbani kulala. Wiki ileile akagundua kwamba mkwe wake hafungi leso kiunoni bali juu ya kitovu. Rachael akapelekwa Gatanga kwa dada ya Cucu, eti kusaidia kuchuma chai. Akarudi Novemba na mtoto wa miezi saba, ambaye kanisa lilitangaziwa kuwa ana miezi miwili. Mtoto alikuwa na meno mawili. Cucu aliyafunika kwa shali, na mama mmoja alipostaajabia uzito, aliambiwa ni neema.

“Cucu, si useme tu ukweli?” Rachael alisema. “Miaka tatu imepita. Ni nani bado anahesabu?”

“Wote. Septemba tunachagua chairlady mpya, na wameanza kunitajataja. Halafu sasa niende niwaambie nini?”

“Kwamba mtoto ako tatu.”

“Huyo mtoto ni mimi!” Cucu alipiga kifua. Naye alisema kweli, kwa desturi yao: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, naye huwa ni huyo mama amerudi mdogo. Gichuru hakumwita binti yake Wacuka hata siku moja, alimwita Maitu, yaani mama. “Ni jina langu anabeba. Mimi Wacuka siwezi kuzaliwa miezi nne baada ya arusi!”

Gichuru alicheka, githeri ikampalia. Mamake akamtazama hadi kicheko kikakauka.

“Na wewe usicheke,” Rachael akamgeukia. “Nani alienda shule akasema ako nne?”

“Si ni ndio akae huko mpaka saa tisa? Hao wa miaka tatu wanatoka saa sita. Ungesuka saa ngapi?”

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwalimu mkuu wa ile shule, shule yenye jina refu kuliko uwanja wake, alikuwa amemjaribu Wacuka kwa kipimo cha wahenga: apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono uliishia utosini. Mwalimu akatazama nafasi zilizobaki wazi darasani, akasema kichwa ni kikubwa kwa sababu ya akili, akamwandika minne.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kanisani Wacuka alikuwa na miaka miwili na miezi tisa, shuleni minne, na kwa hesabu ya Mungu, ambaye hakushirikishwa, mitatu na miezi miwili.

Rachael aliweka ufagio chini. “Nyinyi mnacheka. Aprili nilinunua keki ndogo. Unajua tulimwimbia aje? Tulifunga pazia tukanong’ona. Mtoto wangu anaimbiwa happy birthday na kunong’onezwa, kama ameiba kitu. Halafu Septemba wanakuja na keki ya kanisa, anaimbiwa na microphone, siku ambayo si yake. Juzi ameniuliza kama ako na pacha.” Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. “Mficha uchi hazai, Cucu, na mimi nilizaa. Nataka mtoto wangu awe na umri moja. Moja tu, hata kama ni ya aibu.”

Cucu alitazama ukuta. Alimpenda mjukuu wake kupita alivyompenda mtu yeyote, na hilo lilimuuma. Lakini kiti alikipenda pia.

*

Gichuru ndiye aliyeleta dawa. Alikuwa mtu wa kuziba tairi kazini, na nyumbani pia aliziba tu, hakubadilisha.

“Kwa basi anakuwa mbili na nusu,” alisema. “Kwa geti, mbili na nusu. Hao wamama wakikaa chini kula, mimi nampeleka treni pole pole, hapo anakuwa tatu. Anapanda, anashuka, anarudi kuwa mbili. Nani atajua?”

Cucu aliona ni hekima. Rachael aliona ni wazimu, lakini alipomtazama mtoto kwenye stuli yake, akainama akaokota ufagio.

Mafunzo yakaanza siku hiyohiyo, kwa biskuti.

“Maitu, kwa kanisa uko ngapi?”

“Mbiri na nusu!”

“Kwa shule?”

“Nne!”

“Na kwa treni?”

Wacuka alifikiri, jicho likiwa kwenye biskuti. “Nyekundu.”

“Hapana. Kwa treni uko tatu.”

“Treni iko tatu,” Wacuka alikubali, akapewa.

Kufikia Ijumaa alikuwa akijibu bila kukosea, jikoni, bafuni na hata usingizini. Cucu alijivunia akili za mtoto, akasema amezirithi kwa jina.

*

Kifaru Fun World kulikuwa na jua kali na kifaru mmoja wa saruji ambaye pembe yake ilikuwa imevunjika ikarudishwa kwa waya. Basi liliwashusha akina mama wakiwa na mavazi yao ya Jumapili na vikapu vilivyonukia chapati. Hapo getini wakaambiwa chakula cha nje hakiingii. Vikapu viliachwa kwenye basi, wanawake wakaingia wakiwa na njaa na hasira, na mama mmoja mnene ghafla akawa mnene zaidi upande wa kushoto, mahali alipoficha mahamri.

Kuhusu Wacuka hapakuwa na shida. Aliulizwa na mwenyekiti mwenyewe pale mlangoni pa basi, akasema mbili na nusu, akapapaswa kichwa. Mama Kiama alikuwa na mjukuu wake, Mwas, ambaye alikuwa na miaka mitatu kamili ya wataalamu. Mwas alilala mgongoni mwa msichana wa kazi tangu Kahawa Sukari, na hakuamka hadi jioni.

Mpango wa Gichuru ulikuwa mzuri ila kwa jambo moja: ulitegemea akina mama kukaa chini kula, na chakula kilikuwa kimebaki kwenye basi. Wanawake wasio na chakula hutafuta kivuli. Kivuli cha maana katika uwanja ule wote kilikuwa kimoja, chini ya paa la mabati la kituo cha treni. Gichuru alipofika pale na binti yake mkono kwa mkono, Rachael nyuma yao, alikuta kanisa zima limepanga viti, Mama Kiama mbele. Cucu Magdalene alikuwa miongoni mwao. Alimpungia mwanawe mkono wa kumrudisha, lakini Wacuka alikwisha kuiona treni. Ilikuwa nyekundu, ilikuwa na macho, na ilitabasamu kama kwenye mlango wa kanisa. Akamvuta babake hadi kwenye mnyororo.

Aliyeshika mnyororo alikuwa amevaa kofia ya kampuni na fulana ya kijani. Alikuwa Mbula wa mzee Kaleli.

Mbula aliwatazama wote, mmoja mmoja, akafika kwa Cucu.

“Habari yako, Mama Gichuru.”

“Mzuri,” Cucu alisema.

Mbula aliinama mbele ya mtoto. “Sasa, mrembo. Uko na miaka ngapi?”

Wacuka alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama treni. Kwa treni ilikuwa tatu, hilo alilijua. Lakini hawa waliokaa hapa walikuwa kanisa, na kwa kanisa ilikuwa mbili na nusu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha la kufanya kanisa likikaa kwenye treni. Akageuka, akamtafuta mtu aliyejua mambo yote.

“Cucu,” aliuliza kwa sauti iliyofika hadi kwa kifaru, “hapa niko ngapi?”

Mtu mmoja alikohoa. Rachael alimtazama mama mkwe wake na hakumsaidia.

“Mtoto anacheza tu,” Cucu alisema.

“Lazima nijue, Cucu,” Mbula alisema kwa upole. “Ni sheria ya hapa. Akianguka ni mimi nafutwa.”

Wacuka aliinua vidole viwili, akazitazama nyuso. Hakuna uso uliocheka. Akaongeza cha tatu, akatazama tena. Akaongeza cha nne kwa kutumia mkono mwingine, maana kilikataa kusimama. Siku zote jibu lilileta biskuti au tabasamu, na leo alikuwa ameyatoa majibu yote aliyokuwa nayo na hapakuja kitu. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka, lakini hakulia. Aliendelea kushikilia vidole juu, akingoja aambiwe vipi vishuke.

Cucu Magdalene alisimama. Alikuwa ameona mengi katika maisha yake, amezika mume, amelea watoto kwa shamba la kukodi, lakini vile vidole vilimshinda. Alienda akapiga magoti mbele ya mtoto, sketi yake ya kanisa ikaingia vumbi, akakikunja kidole kimoja.

“Ni tatu,” alisema. “Hapa uko tatu. Na kanisani uko tatu.” Kisha, bila kugeuka, akawaambia waliokuwa nyuma yake: “Alizaliwa Aprili. Nilimpokea na hii mikono.”

Wanawake wakaanza kuhesabu kwa vidole, Desemba, Januari, Februari. Wengine walificha mikono mapajani kabla hawajafika mbali, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo ukiianza hujui itaishia nyumba ya nani.

“Aprili?” Mbula alisema. “Wangu ni wa Mei. Basi huyu ni mkubwa kwa wangu na mwezi moja.”

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo sababu lilichoma. Akafungua mnyororo, akambeba Wacuka, akamketisha behewa la mbele na kumfunga mkanda. Treni ikaondoka.

Cucu alibaki amepiga magoti. Mama Kiama alikuja akamshika kiwiko kumwinua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa sauti ndogo.

“Magdalene, sisi tuliona meno.”

“Meno gani?”

“Ile siku ya kwanza ulimleta. Alipiga mwayo.”

Cucu alimtazama, akawatazama wengine. Wote waliangalia mahali pengine. “Miaka yote hiyo? Mbona hamkusema?”

“Ulisema ni neema. Nani atabishana na neema?”

Mama wa mahamri ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikamtoboa siri, mahamri yakaanguka chini moja baada ya jingine. Wakacheka wote, hata Rachael, ambaye alikuwa akilia pia. Cucu Magdalene hakucheka. Ilikuwa imemwingia kwamba alikuwa amemficha mtoto kwa watu waliokuwa wanamwona, na kwamba aliyelilipia kosa lilelile mbele ya kanisa alikuwa Mbula peke yake. Akaenda hadi kwenye mnyororo.

“Wako anaitwa nani?”

“Ndanu.”

“Ndanu,” Cucu alirudia. “Umlete kanisani tumwone.”

“Tulipata kanisa, Cucu. Huku huku Ruiru.” Mbula aliangalia reli. “Lakini nitamwambia umemuuliza.”

Cucu alitikisa kichwa kukubali. Akabaki amesimama pale kando yake kama mtu anayengoja zamu.

Wacuka naye, kwa wanaotaka kujua umri bora ni upi, alipiga kelele za furaha mzunguko wa kwanza, akalia ateremshwe mzunguko wa pili, na wa tatu akakataa kushuka.

*

Basi liliwaacha kanisani jua likizama, wakatembea hadi kwenye ploti. Wacuka alikuwa mgongoni kwa babake, kichwa kimelala begani. Cucu alitembea mbele amejinyoosha, hatua nyepesi. Alikuwa ameshasema mara mbili njiani kwamba ukweli humweka mtu huru, na alionekana kukusudia kuusema Jumapili pia, kwa microphone.

“Baba.”

“Eeh, Maitu.”

“Niko tatu.”

“Ndio. Uko tatu.”

“Kwa treni na kwa kanisa.”

“Na kwa nyumba,” Rachael akasema. “Pazia ikiwa wazi.”

Wacuka aliinua kichwa begani. “Na Jumatatu? Kwa shule?”

Gichuru aliendelea kutembea. Aliwaza saa sita, aliwaza saa tisa, aliwaza vichwa vya wateja vilivyowekwa zamu kuanzia asubuhi. Akamtazama mkewe, na Rachael, aliyetaka umri mmoja tu, akainama ghafla kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

“Jibu mtoto,” Cucu alisema, kwa ukali wa mtu aliyeokoka mchana huohuo.

Gichuru alimpandisha binti yake vizuri mgongoni.

“Jumatatu uko nne, Maitu,” alisema. “Lakini ni mpaka saa tisa tu.”